Papa ana kisukari na hataki kuacha mandazi: nawezaje kuoka donati zisizo na sukari, zenye wanga kidogo, hapa Goma?

binti_himbi, Goma

Jambo kwenu nyote. Naomba ushauri, zaidi kwa mama na dada wenye kuoka kila siku.

Papa amepimwa akakutwa na kisukari. Dawa anameza kwa saa yake, kutembea anatembea, soda aliiacha bila kelele. Kinachomshinda ni mandazi ya asubuhi. Kwake chai bila mandazi si chai. Mama akimnyima, nyumba inanuna mpaka jioni. Akimpa, kipimo kinapanda. Sitaki mzee wangu ajione mgonjwa kila kunapokucha, kwa hiyo nataka kujua kuoka donati zisizo na sukari, zenye wanga kidogo, azile kwa amani.

Mapishi ninayoyaona kwenye intaneti yanataka unga wa lozi. Hapa Goma unaupata kwa bahati katika duka kubwa, na bei haishikiki. Nikanunua unga wa soya sokoni Virunga, nikauchanganya na mayai, mafuta kidogo na levire ya kuumulia. Nilipokaanga zilimeguka zote ndani ya mafuta. Nilipooka kwenye mbabula, yaani jiko la makala (makaa), zilishikana, lakini kavu, na harufu ya maharagi mabichi haikutoka.

Naomba kujua: nitumie unga gani unaopatikana huku, kitu gani kitashika donge badala ya farini ya ngano, na utamu nitoe wapi? Oveni ya umeme iko kwa jirani ila umeme unakatika, kwa hiyo nahitaji njia ya makala.

kaka_majengo, Goma

Dada, pole kwa ajili ya Papa. Mimi naona usijisumbue na vitu vya nje. Weka asali ya msituni mahali pa sukari, na farini ya ngano ibadilishe kwa unga wa muhogo. Ni vyakula vyetu, wazee wetu walivila na walikuwa na nguvu.

muuguzi_bkv, Bukavu

Kaka, umesema kwa moyo mwema, lakini hapo naomba nikupinge, kwa sababu ushauri huu ndio unaorudisha watu kwetu wakiwa na kipimo cha juu. Asali ni sukari. Sehemu yake kubwa ni glukosi na fruktosi, na inapandisha sukari ya damu hata kama nyuki aliitoa msitu safi kuliko yote. Unga wa muhogo nao, katika gramu 100 zaidi ya gramu 80 ni wanga. Farini ya ngano ni kama 75. Kwa hiyo ukitoka kwenye ngano ukaingia kwenye muhogo, umeongeza mzigo.

Watu wengi wanaogopa kijiko cha sukari kinachotiwa ndani ya donge na kusahau donge lenyewe. Andazi moja lenye gramu 50 za farini lina karibu gramu 38 za wanga hata usipotia punje moja ya sukari, na tumbo linaugeuza wanga huo kuwa glukosi. Binti, umefanya vizuri kufikiria unga kwanza.

Lakini kabla ya mapishi, niambie Papa anameza dawa gani. Kama ni metformini peke yake, kupunguza wanga hakumtishi sana. Kama ni glibenklamidi, au anadungwa insulini, chakula kikipungua ghafla na dozi ikabaki ile ile, sukari inaweza kushuka chini ya 70 mg/dl: jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, kuchanganyikiwa. Hapo anahitaji sukari ya kweli papo hapo, vijiko vidogo vitatu ndani ya maji, kisha mpime tena baada ya dakika 15. Ndiyo maana hata nyumba ya mwenye kisukari haikosi sukari kabatini. Mwambieni daktari wake kwamba mnabadilisha chakula, ndiye atakayeangalia dozi.

kaka_majengo, Goma

Aksanti muuguzi, nimeelewa. Shangazi yangu anatumia asali kila siku akijua ni salama, leo hii nampigia simu.

mama_nyawera, Bukavu

Binti yangu, mimi naoka kwa kuuza, na nina wateja wawili wa kisukari wanaochukua oda yao peke yao. Nisikilize polepole.

Tuanze na soya yako. Ile harufu ni ya soya ambayo haijapikwa kabla ya kusagwa. Na si suala la harufu peke yake: soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kusaga protini, na moto ndio unaoviua. Usinunue unga, nunua mbegu. Chagua, osha, chemsha dakika 20 kuanzia maji yanapochemka, zisugue maganda yatoke, anika zikauke kabisa, kisha zikaange bila mafuta kwenye moto mdogo mpaka zinukie kama karanga. Ndipo upeleke mashineni. Tena unga wa soya wa sokoni mara nyingi ni ule wa uji wa watoto, umechanganywa na mahindi na mtama. Muuzaji hakudanganyi, ndivyo wateja wake wanavyotaka, lakini kwa Papa haufai.

Soya peke yake inakausha. Ichanganye na karanga. Karanga zina kama gramu 16 za wanga katika gramu 100, na nusu ya hizo ni nyuzinyuzi zisizopandisha sukari. Zikaange kidogo, zimenye, ziache zipoe kabisa, kisha zitwange kidogo kidogo na kuchekecha. Ukitwanga zikiwa moto, au ukiendelea bila kupumzika, zinatoa mafuta na unabaki na siagi ya karanga. Yenye ukungu au iliyokunjamana tupa, usiihurumie. Sumu ya ule ukungu haiishi kwa kupikwa.

Donati nane ninazitengeneza hivi. Gramu 100 za unga wa karanga, gramu 50 za soya, levire ya keki (poda ya kuokea) kijiko kidogo kimoja na robo, chumvi kidogo, mdalasini wa kutosha. Pembeni piga mayai matatu mpaka yafanye povu, tia siagi iliyoyeyuka gramu 40 na maziwa ya mgando yasiyo na sukari, robo tatu ya kikombe kidogo cha kahawa. Changanya, halafu acha dakika kumi. Hapo usikimbie: soya inakunywa maji taratibu, na ukioka mara moja ndani kutakuwa kavu, kama ulivyoeleza. Rojo liwe zito la kudondoka kutoka kwenye kijiko. Si donge la kukanda.

Hakuna gluteni humo, kwa hiyo hakuna kinachovuta kama ngano. Anayeshika ni yai. Ndiyo sababu zilimeguka kwenye mafuta: yai halikupata muda wa kuganda kabla mafuta hayajaingia ndani. Donati za namna hii zinaokwa tu. Na levire usizidishe. Bukavu na Goma tuko kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, vitu vinavimba haraka kisha vinaanguka katikati. Kipimo cha vitabu vya Ulaya kipunguze kidogo.

Mbabula sasa. Chukua sufuria kubwa nzito, tandika mchanga mkavu au mawe madogo chini, funika, ipashe moto kama robo saa. Vikombe vya donati viingie juu ya mchanga, funika, na makala mengi yawe juu ya mfuniko, chini yabaki machache. Karanga na soya zinaungua upesi kuliko ngano. Baada ya dakika 15 choma kijiti. Kikitoka kikavu, toa. Kwa jirani weka oveni nyuzi 175 za Selsiasi. Zikitoka usiziguse, zikiwa moto zinavunjika. Zikipoa zinakaza zenyewe.

Ukihesabu yote, kila moja ina kama gramu 5 za wanga, nyuzinyuzi zikiwemo ndani.

mama_katuba, Lubumbashi

Mama Nyawera amemaliza, mimi naongeza la mashine. Huku Lubumbashi kinu kinachosaga kalanga ndicho kinachosaga mihogo na mahindi ya bukari (ugali). Unga wa aliyekutangulia unabaki ndani, na kilo yako ya kwanza inatoka nayo. Mimi naomba wanisagie soya yangu baada ya mtu mwingine wa soya, au natoa kikombe cha kwanza pembeni kwa uji wa watoto. Kalanga natwanga nyumbani.

Na kama huna vikombe vya donati, chukua vikombe vya keki ndogo, katikati usimamishe kikaratasi cha kuokea kilichoviringwa. Tundu si urembo, linasaidia moto ufike ndani.

binti_himbi, Goma

Mama zangu, aksanti sana, nimeandika yote kwenye daftari. Muuguzi, Papa anameza metformini asubuhi na jioni, hakuna nyingine. Daktari wake tutamwona wiki ijayo, nitamweleza.

Limebaki la utamu. Famasi moja hapa mjini wana vidonge vidogo vya kutia kwenye chai, na duka moja lina pakiti ya stevia ya unga. Kipi kinavumilia moto?

famasi_golf, Lubumbashi

Soma nyuma ya pakiti, usiamini mbele. Vidonge vingi vya chai ni aspartamu, na aspartamu ikipigwa na moto wa kuoka inapoteza utamu. Haitamdhuru, ila donati zitatoka bila ladha. Stevia inavumilia moto. Ni mmea wa Paraguai, na kile kinachotolewa kwenye majani yake ni kitamu mara 200 hadi 300 kuliko sukari, kwa hiyo kinachojaza pakiti si stevia, ni kitu kingine. Hicho kingine ndicho cha kutafuta. Ukiona maltodekstrini au dekstrosi, hiyo ni kabohaidreti ya kupandisha sukari kwa kasi, iache. Ukiona eritritoli, ni sawa kwa kisukari, utamu wake ni kama asilimia 70 ya sukari na karibu yote inatoka kwa mkojo. Maltitoli, ile ya biskuti zilizoandikwa "sans sucre" (bila sukari), inapandisha sukari kiasi na ikizidi inaharisha.

Kwenye pakiti zetu za Kifaransa mstari wa kutazama ni "glucides", yaani wanga na sukari, siyo neno kubwa la mbele.

Ukweli mwingine lazima niuseme. Mwaka 2023 utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature Medicine ulikuta watu wenye eritritoli nyingi katika damu wanapata zaidi matatizo ya moyo na kiharusi. Haukuthibitisha kwamba eritritoli ndiyo chanzo, maana mwili wenyewe pia unaitengeneza. Lakini kwa mzee mwenye kisukari, ambaye moyo wake tayari uko katika hatari zaidi, mimi ningetia kidogo sana na nisiifanye ya kila siku.

yaya_birere, Goma

Mdogo wangu, kwa nini lazima iwe tamu? Papa alizoea mandazi, na mandazi ya mtaani kwetu mengine hayana sukari ya kusema. Jaribu fromaji (jibini) ya Masisi. Mimi ndiyo naipenda kuliko njia zote hapa, na iko mlangoni petu.

Kwangua gramu 150, yeyusha taratibu kwenye sufuria ndani ya sufuria la maji ya moto, usiweke moja kwa moja juu ya makala. Ikishayeyuka tia gramu 80 za unga wa karanga uliochanganywa na levire kijiko kidogo kimoja, kisha yai moja lililopigwa, ukande kwa nguvu ingali moto. Hilo ni donge la kweli, linavutika, unaviringa pete sita kwa mkono uliopakwa mafuta bila kikombe chochote. Mwanzoni linaonekana limekataa, yai linateleza pembeni. Endelea kukanda, linakubali. Likipoa likakaza, lirudishe juu ya mvuke. Oka mpaka liwe la kahawia. Fromaji hiyo karibu haina wanga, kwa hiyo kila pete inabaki na gramu 2 tu na kitu. Mama Nyawera amesema za karanga na soya hazikandwi, na ni kweli. Hapa fromaji ndiyo inayoshika.

Chumvi usiongeze hata kidogo, fromaji inayo tayari. Kama Papa ana presha pia, moja inatosha.

muuguzi_bkv, Bukavu

Yaya, hilo la presha umelisema vizuri. Naongeza la figo: kisukari cha muda mrefu kinaweza kuzigusa. Kama daktari alishasema figo za Papa zimechoka, muulizeni kabla ya kumpa soya, karanga na fromaji kila siku, maana protini, chumvi na fosforasi vitakuwa vingi.

binti_himbi, Goma

Narudi na habari. Nimeoka zote mbili. Za karanga na soya nilizipumzisha dakika kumi kama Mama Nyawera alivyosema, ndani zimekuwa laini na ile harufu imekwisha. Nilitia stevia kidogo na mdalasini mwingi, juu nikapaka kakao isiyo na sukari iliyochanganywa na siagi. Watoto wa dada yangu walizimaliza hizo. Papa alichukua za fromaji ya Masisi, akala moja na chai kavu, akaomba ya pili, Mama akampa bila ugomvi.

Muuguzi, tuna mashine ya kupimia. Nipime saa ngapi ili nijue kweli hazimpandishi?

muuguzi_bkv, Bukavu

Mpime kabla hajala, kisha saa mbili baada ya tonge la kwanza. Kwa watu wazima wengi wenye kisukari tunataka kabla ya kula iwe kati ya 80 na 130, na baada ya saa mbili isifike 180. Kwa mzee daktari anaweza kulegeza hapo kidogo. Siku hiyo chai iwe bila sukari na asile ndizi pembeni, vinginevyo hutajua nani alipandisha. Rudia siku nyingine na zile za karanga na soya, andika tarehe na namba, mwende na karatasi hiyo kwa daktari wiki ijayo. Na Mama apime naye, mara moja tu, akiwa hajala kitu asubuhi.

binti_himbi, Goma

Mama pia? Sawa, kesho nawapima wote wawili kabla ya chai.