Kadi za harusi zenye jina la kila mgeni: mchapaji, printa ya nyumbani au simu?

Pilipili_Manga (mwanzisha mada)

Salaam wanajamvi. Mimi na mwenzangu tuna wageni kama 120 na tunataka kila kadi iwe na jina la mgeni mwenyewe, siyo ile mistari ya nukta ya kujazia kwa kalamu. Tumebakiwa na njia tatu, na hapa ndani hatuelewani:

1. Kumwachia mchapaji kila kitu.
2. Kusanifu wenyewe kwenye kompyuta na kuchapa kwa printa ya nyumbani.
3. Kadi ya simu tu, inatumwa kwa WhatsApp.

Yeye anataka ya tatu. Mama yake anasema kadi isiyoshikika si kadi. Mimi napenda karatasi nzuri, ila sitaki kuingia kwenye ndoa na malengelenge ya mkasi. Baada ya mwaliko kuna ratiba ya siku, vibao vya majina mezani, namba za meza na kadi za shukrani. Aliyewahi kulinganisha atusaidie.

Mzee_wa_Mashine

Nafanya kazi ya uchapaji, kwa hiyo nitavutia kwangu, mtanipunguza wenyewe.

Ukienda kwa mchapaji, anza kwa kuuliza mtambo gani utatumika. Ofseti inachapa kwa pleti, yaani bamba lenye muundo wako, na pleti inatoa maandishi yaleyale kila nakala. Gharama kubwa iko kwenye kutengeneza pleti na kuipanga mashine. Ikishaanza kukimbia, nakala zinazoongezeka ni kama bure. Kwa kadi 120 zenye majina 120 haikufai. Omba digitali: haina pleti, kila ukurasa unaweza kutofautiana na uliopita. Unampa muundo na orodha ya majina kwenye Excel, programu inayapachika moja baada ya jingine.

Sasa, zile kadi zinazowatoa watu macho, za herufi zilizobonyea ndani ya karatasi au za dhahabu inayong'aa, zinapigwa kwa kibonyezo kilichotengenezwa kwa muundo mmoja. Huwezi kutengeneza kibonyezo kwa kila mgeni. Wanaozitaka huacha kadi iwe moja kwa wote, jina wakaliweka kwenye bahasha. Na hizo za kubonyea zinadai karatasi nene na laini, ya pamba ikiwezekana, gramu 300 hadi 600 (huo ni uzito wa karatasi kwa mita ya mraba). Ukizipiga kwenye karatasi nyembamba, herufi zinatokea upande wa nyuma.

Nukta_na_Mkato

Mzee, heshima yako, lakini unamtisha bure. Mimi ni wa namba 2, na malengelenge sina.

Dada Pilipili, nunua bahasha kwanza, ndipo usanifu kadi. Wengi hufanya kinyume kisha wanazunguka mji na kadi isiyo na bahasha. A4 moja inatoa A6 nne, kila moja milimita 105 kwa 148, na inaingia kwenye bahasha ya C6 ambayo ni 114 kwa 162. Ukitaka kubwa zaidi, A5 inakaa kwenye C5. Kadi za mraba zinapendeza, ila bahasha zake ni za kutafuta.

Karatasi ya ofisini ni gramu 80, hiyo sahau. Printa nyingi za nyumbani zinameza gramu 200 bila kelele, lakini soma kijitabu chake kabla hujanunua rimu nzima. Kama ina njia ya kupitishia karatasi kwa nyuma, tumia hiyo, maana karatasi nene haipendi kukunjwakunjwa ndani ya mashine. Printa ya leza na karatasi yenye mikwaruzo hazipatani: tona, yaani unga wa wino wake, haifiki kwenye mabonde, herufi zinatoka na mapengo. Ya wino inazimudu vizuri zaidi, ila uziepushe na maji, na uziache zikauke kabla ya kuzipanga.

Halafu usisanifu rangi inayofika mpaka ukingoni. Printa nyingi za nyumbani zinaacha ukingo mweupe. Ukiing'ang'ania, chapa kubwa kuliko kadi kisha kata, na rangi izidi mstari wa kukata kwa milimita 3 kila upande. Kukata ni kisu na rula ya chuma. Mkasi hapana!

Dogo_wa_Programu

Namtetea shemeji. Kadi ya simu ina jambo moja ambalo karatasi haiwezi: saa ikibadilika, unatuma nyingine jioni hiyohiyo. Na majina yanaingizwa kwa ile ile orodha ya Excel anayoisema Mzee, unapata picha 120 tofauti.

Ila msiitume kama picha ya kawaida, WhatsApp inaibana na maandishi madogo yanafifia. Tuma kama hati. Isimamishe wima, maneno yawe machache na makubwa, maana kuna wageni watakaoisoma bila miwani.

Udhaifu wake ninaouona ni kwamba inasambazwa. Kadi yenye jina la mtu mmoja inafika kwenye kundi la watu mia, na kila mmoja anajiona kaalikwa.

Mkitaka kuchanganya, wekeni msimbo wa QR kwenye kadi ya karatasi, upeleke kwenye ramani na fomu ya kuthibitisha. Usipungue sentimita 2 kila upande, uzungukwe na nafasi tupu, uwe mweusi juu ya rangi nyepesi. Dhahabu inayong'aa inairudishia kamera mwanga na simu inashindwa kusoma. Pia angalieni mnautengenezea wapi: kuna misimbo inayopitia kwanza kwenye tovuti ya aliyeitengeneza, na usajili ukiisha msimbo umekufa wakati kadi ziko mikononi mwa watu. Tumieni ule unaobeba anwani yenu moja kwa moja.

Pilipili_Manga

Hii ya kundi la watu mia nimemsomea mwenzangu, kanyamaza kidogo. 😂

Swali: nikifuata ushauri wa Mzee, jina liende kwenye bahasha. Kwa mkono au kwa mashine?

Mchora_Herufi

Kwa mkono, kama mwandiko upo, na kama bahasha haina mng'ao. Karatasi inayoteleza hainywi wino, utaifuta kwa kiganja chako mwenyewe. Bahasha za rangi nzito ni eneo la kalamu ya wino mweupe, kwa sababu printa za kawaida hazina wino mweupe kabisa. Hapo hata Mzee atakubali.

Lakini niseme linalouma zaidi. Nimeandika majina mengi ya watu, na sijasikia mgeni akilalamikia gramu za karatasi. Wanalalamikia jina. "Salim" akiandikwa "Salimu", mama mkubwa akiandikwa bila cheo anachoitwa na kila mtu, mume akaandikwa na mke akawa "na familia". Hiyo orodha ipitiwe na mtu wa upande wako na mtu wa upande wa mwenzako, kila mmoja akague watu wake. Tena uihesabu kwa nyumba, siyo kwa vichwa. Watu 120 huenda ni bahasha 70 tu, na hesabu yako yote inabadilika. Agiza bahasha za ziada kuliko kadi, mkono unakosea.

Ukipenda lakiri (muhuri wa nta) juu ya bahasha, hizo zipelekwe kwa mkono. Mashine za posta zinaivunja lakiri; ukilazimika kuzituma kwa posta, zitie ndani ya bahasha nyingine.

Mzee_wa_Mashine

Nakubali la wino mweupe. Mashine zake zipo, lakini si kila mchapaji anazo.

Kuhusu vile vingine, msivichape vyote kwa pamoja kwa kuwa tu vinafanana. Kadi za shukrani hazina majina wala tarehe ya kubadilika, zichapwe siku moja na mwaliko ili rangi zilingane. Vibao vya majina viwe vya mwisho kabisa, kwa sababu orodha ya wageni inatikisika mpaka wiki ya harusi, na hapo namuunga mkono Nukta: fanyeni nyumbani. Gramu 200 na zaidi, ikunjwe ikasimama yenyewe. Kabla ya kukunja, pitisha kitu butu kwenye mstari, na ukunje kufuata uelekeo wa nyuzi za karatasi. Ukikunja kinyume, mgongo unapasuka na rangi inachanika. Kujua uelekeo, pinda karatasi kidogo pande zote mbili. Upande unaolegea ndio wenyewe. Ratiba ni ya mchana mmoja, gramu 120 zinatosha sana.

Na usinikubali kwa kuangalia kioo cha kompyuta. Kioo kinatoa mwanga, karatasi haitoi, rangi kali huwa zinapoa. Dai sampuli moja kwenye karatasi ileile itakayotumika. Rangi hafifu juu ya karatasi yenye rangi ya maziwa huelekea kuwa njano, na watu wanadhani mchapaji kakosea.

Pilipili_Manga

Basi tunaelekea hivi: mwaliko na shukrani kwa mchapaji, kadi moja kwa wote, majina kwenye bahasha kwa mkono. Vibao na namba za meza nyumbani. Kadi ya simu kwa walio mbali, kila mtu na jina lake. Mama mkwe karidhika, mwenzangu anajifanya hajashindwa.

Dogo_wa_Programu

Kwa hizo za simu na vibao: kabla ya kupachika majina, tafuta jina refu kuliko yote kwenye orodha na usanifu kwa hilo. Likikaa kwenye mstari mmoja bila kubanwa, mengine yote yatakaa. Na futeni nafasi tupu zilizojificha mwishoni mwa majina kwenye Excel, ndizo zinazofanya jina moja lisogee pembeni peke yake.

Nukta_na_Mkato

Na faili la mchapaji litoke kama PDF yenye fonti ndani yake. Kompyuta yake isipokuwa na fonti yako, itaweka yoyote inayoipenda yenyewe.