Naomba ushauri: polima ya nyota inachanganyika na minyororo minyoofu

Habari zenu wakuu. Niko Arusha, nasoma shahada ya uzamili. Natengeneza polima (molekuli ndefu ya vipande vinavyojirudia) yenye umbo la nyota, mikono minne, ya kubebea dawa mwilini. Kiini ni pentaerithritoli yenye vikundi vinne vya OH, mikono inajengwa kwa vipande vya laktaidi, kichocheo oktoeti ya bati, joto nyuzi 130.

Kwenye kromatografia (inayotenganisha molekuli kwa ukubwa, kubwa zikitoka kwanza) napata vilele viwili badala ya kimoja. Kile kidogo, kinachotoka baadaye, nakishuku kuwa minyororo minyoofu iliyoanzishwa na maji, maana masika haya hata chumvi jikoni inalowa. Laktaidi nimeisafisha upya kwa toluini, chupa zinalala kwenye oveni, naitrojeni napitisha. Kilele kimepungua, hakijaisha. Pampu yetu ya vakyumu tusiiongelee.

Naomba kuuliza: kiini chenyewe mnakikaushaje bila vifaa vya bei mbaya? Pili, vipimo vya mashine ya kromatografia vimelinganishwa na polistaireni nyoofu, na nyota kwa kuwa imejikusanya huonekana nyepesi kuliko ilivyo. Je, nikipima vikundi vya mwisho (vya kwenye ncha za mikono) kwa NMR, yaani kipimo cha muundo wa molekuli kwa sumaku, hiyo peke yake inatosha kuthibitisha mikono minne, au msimamizi atanirudisha tena maabara?