Dar hadi Songea kwa gari na mzee wangu: tusimame wapi?

Mleta mada
Habari zenu wakuu. Mwezi wa saba nina likizo ya siku sita, nataka kumpeleka mzee wangu Songea. Ana miaka 74. Alifundisha historia miaka mingi, na Vita vya Majimaji, vile vya kuwapinga Wajerumani, amevifundisha kwa chaki na ubao tu, makaburi yenyewe hajawahi kuyaona. Gari langu ni dogo, la chini. Magoti yanamsumbua. Usiku wa kwanza tutalala Iringa. Je, Kalenga, kwenye makumbusho ya Mkwawa, yule mtawala wa Wahehe, inatosha, au kuna pengine?

Dereva wa Nyanda za Juu
Toka Dar alfajiri, mkuu. Mlima Kitonga upande mchana. Lori likikwama kwenye kona mnaweza kukaa hapo saa nyingi. Mikumi punguza mwendo, ukigonga mnyama kuna faini.

Mama wa Ilula
Mwanangu, mpe mzee shikamoo yangu.

Kalenga peke yake haitoshi. Mimi nimezaliwa Ilula, na utotoni nilipita Lugalo kwa basi mara nyingi sana bila mtu kuniambia pale ni wapi. Ukishapita Ilula, kabla ya kufika Iringa mjini, mwambie mzee akae macho. Hapo ndipo tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walipouvizia msafara wa Emil von Zelewski, kamanda wa Wajerumani, yule waliyembandika jina la Nyundo. Bunduki na mizinga walikuwa nayo Wajerumani. Wahehe wengi walishika mikuki. Zelewski akafa hapo na askari wake zaidi ya 200. Mnara uliopo waliujenga Wajerumani kwa ajili ya watu wao. Marehemu baba aliponishusha hapo mara ya kwanza, alivua kofia, akaupa mnara mgongo na kuyatazama majani ya upande wa pili wa barabara. "Wetu walilala kule," akasema. Basi. Tukapanda gari.

Kesho yake ndiyo Kalenga, kilomita kama 15 kutoka mjini, njia ya Hifadhi ya Ruaha. Ilikuwa ngome ya Mkwawa hadi Wajerumani walipoipiga mizinga Oktoba 1894. Fuvu lake liko pale ndani ya kioo. Ni dogo kuliko unavyolifikiria. Lilipelekwa Ujerumani, likatajwa hata kwenye Mkataba wa Versailles uliofuata Vita Kuu ya Kwanza, likarudi 1954, na mjukuu wake Chifu Adam Sapi ndiye aliyelipokea.

Halafu watu wengi hugeuza gari hapo, na hilo linaniuma. Kiwiliwili kiko Mlambalasi, mbele zaidi kwenye njia hiyohiyo, alikojiua tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe hai. Kichwa huku, mwili kule. Mzee aliyefundisha habari hizi maisha yake yote asione nusu. Kwa gari la chini, ulizia hali ya barabara hapo Kalenga kabla hujaendelea; ikibidi, kodi gari la juu kwa nusu siku.

Mngoni
Songea usikimbilie. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga wapiganaji wa Majimaji zaidi ya 60 siku moja, wakazikwa kaburi moja, na makumbusho iko hapohapo. Nduna (kiongozi wa vita wa Wangoni) Songea Mbano, mwenye jina la mji, alinyongwa siku chache baadaye na kaburi lake liko peke yake. Kichwa chake, kinachoaminika kupelekwa Ujerumani, bado kinatafutwa. Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuja hapa akaomba msamaha kwa familia. Mwache mzee akae hapo anavyotaka.

Mleta mada
Asanteni sana. Nimemsomea mzee majibu yote. Alipofika kwa Mama wa Ilula akaniomba nirudie ile sehemu ya kofia. Mlambalasi tunakwenda, gari la juu nitakodi. Mama, ile Lugalo, nikitokea Dar mnara uko mkono gani?

Mama wa Ilula
Usitegemee kuuona mwenyewe, mwanangu, unapitwa upesi. Ukifika Lugalo simama kwenye maduka, uliza. Watakupeleka.