Namna gani kuita dokta usiku, akuje kweli?

Gardi_ya_Usiku
Bandugu mambo, niko mukunga hapa Bukavu, hopitali sitaitaja. Wiki iliyopita nilikua gardi, mama mumoja amezaa tu akaanza kuvuja damu, nikapigia dokta nikamwambia "dokta, huyu mama haiko muzuri, damu inatoka", akajibu "weka serumu, niko nakuja", kumbe amelala tena. Nusu saa ikapita njo nikaita mara ya pili. Alipofika akakuta tansyo imeshuka sana, 8 juu ya 5, akanigombeza mbele ya bastajere eti mbona haukusema! Mama alipona, Mungu asifiwe, lakini miye tangu ile siku simu inanitia woga. Nilikosea wapi?

PapaKadutu
Pole dada. "Haiko muzuri" mtu mwenye usingizi anaisikia kila usiku. Siye tulifundishwa SAED, namna ya kupanga maneno ukiita dokta, ile Wafaransa walitoa 2014, mama yake ni SBAR ya Marekani yenye ilianzia kwa wanajeshi wa nyambizi. S hali ya sasa, A mambo ya nyuma, E wewe unaona ni nini, D unaomba nini. Kama hivi: "Dokta, ni mukunga wa materinite. Mama wa kitanda ya ine anavuja damu sana, tansyo 8 juu ya 5, pulsi 130. Amezaa mapasa saa moja iliyopita, ositosini tulishapiga. Naona tumbo ya uzazi imelegea. Naomba ukuje sasa hivi, na nitume mtu kutafuta damu?" Haifike dakika moja. Wengi wetu tunaishia kwa A, ile D hatuigusi, ju mukunga ataomba dokta vipi? Na paka D njo ingemutoa kitandani.

Stajere_Goma
Maneno ya formasyo hayo papa. Kwetu ukisema "naomba ukuje" unaulizwa umesomea wapi.

PapaKadutu
Kijana, usome ajali ya ndege ya Tenerife, 1977. Ndege ya KLM inakimbia kuruka, mekanisyen wa ndani akauliza kama ile ya Pan Am imeshatoka njiani, kapiteni akajibu ndiyo, imetoka, basi akanyamaza. Ndege zikagongana, watu 583 wakakufa. Aliuliza, hakusisitiza. Ukijibiwa ovyo rudia na sauti ingine: "dokta, niko na wasiwasi na huyu mama".

Dokta_Muchovu
Miye niko upande wa kuamshwa (na siye tunagombeza, nakubali, usingizi ni mbaya). Mutu akinipa tansyo mu maneno ya kwanza naruka. Ongeza kitu kimoja: nikikupa dozi urudilie yote kabla sijakata. Rezo yetu munaijua, "six" na "dix" mu simu ni kitu kimoja, mara moja nilisema six mgonjwa akapewa dix, hakupata shida lakini sikulala. Siku hizi nasema "moja, sufuri".

Gardi_ya_Usiku
Asanteni sana. Nimeshaandika SAED kwa kartoni, nimebandika pembeni ya simu. Lakini dokta, mama akiwa anavuja, nimalize kwanza kupima ama niite?

Dokta_Muchovu
Usimuache. Stajere apige simu, aweke sauti ya nje, wewe unasema huku mikono iko kwa mama.