Wadau wa saa: nichukue ninayoipenda au itakayouzika?

Mkerewe_84: Wakuu, habari za jioni. Niko Kirumba, Mwanza. Nimejaliwa pesa kidogo, nataka saa moja ya maisha. Roho yangu iko kwenye Omega Speedmaster, ile ya kutia ufunguo, ndugu ya zile walizoenda nazo mwezini wanaanga wa Apollo 11 mwaka 1969. Rafiki zangu wanasema nitafute Rolex Submariner, siku nikikwama haikosi mnunuzi. Siku ya tatu hii sijalala. Nishaurini.

FundiMakoroboi: Mdogo wangu, kuuzika, Rolex inakimbia kuliko Omega. Ila usiamini kwamba bei haishuki. Mwaka 2021 zilipaa, 2022 zikaanza kuteremka, walionunua zikiwa juu wakaumia. Mnunuzi atakuuliza boksi na kadi, atatazama kama kasha limepigwa polishi mpaka kingo zimeisha. Tenga na pesa ya sevisi. Na kama unaingia ziwani, Submariner ni ya mita 300, Speedmaster imeandikwa 50 tu.

BiNyegezi: Kanunue kiwanja Buswelu. Marehemu mume wangu alininunulia mkufu, eti dhahabu ni akiba. Januari ya ada nikauuza nusu bei, nikalia njia nzima hadi nyumbani.

SangaraMmoja: Mkuu, "pesa kidogo" ya wapi? Mbona hapo unaparuka?

Mkerewe_84: Sawa. Ni ya mitumbwi ya marehemu baba, pamoja na mashine na nyavu. Tumeuza mwezi uliopita. Mdogo wangu yuko chuo, ana fungu lake, nitamlipa polepole. Na Omega nimeshaitangulizia milioni 3. Lakini si anasa jamani. Baba alikuwa na saa ya ufunguo, aliijaza kila jioni kabla ya kwenda kuvua dagaa. Nataka kuwa na kitu ninachokijaza mwenyewe.

KijanaWaIgoma: Chai hii. Dagaa zimenunua Omega? Kwanza "nimejaliwa", sasa urithi. Kesho tutasikia mzee aliacha hoteli Capri Point.

SangaraMmoja: Wewe hujawahi kuuliza bei ya mashine ya boti. Mitumbwi miwili na mashine zake si pesa ya mchezo.

FundiMakoroboi: Mimi namwamini. Mtunga hadithi angechagua Rolex.

BiNyegezi: Iwe chai, iwe uji, mdogo mtu alikubali?

Mkerewe_84: Dada, sina sababu ya kuwadanganya. Nilimpigia, akasema "sawa kaka".

BiNyegezi: Huyo ada yake unalipa wewe. Ulitaka akujibu nini?

Mkerewe_84: Tumelelewa pamoja, asingeficha. Na muuzaji amesema hizo milioni 3 hazirudi.

FundiMakoroboi: Basi za kupotea ni 3. Zilizobaki bado unazo. Ile saa ya baba iko wapi?

Mkerewe_84: Kabatini. Imesimama tangu msiba. Sijawahi kuigusa.

FundiMakoroboi: Usiitie ufunguo kwa nguvu, mafuta yatakuwa yameganda. Niletee Jumatatu niifungue, kuitazama sikutozi kitu.

Mkerewe_84: Nitaileta. Dogo nampigia usiku huu, nimuulize upya.

SangaraMmoja: Mkuu, nyavu ziliondoka zote? Natafuta za dagaa.