Betri za "grafini" za pikipiki ya umeme: ninunue au niachane nazo?

Wakuu, habari. Nabeba abiria kwa pikipiki ya umeme hapa Morogoro na betri zangu zimechoka, saa nne asubuhi nishazima. Duka moja wananiuzia seti ya betri tano za volti 12, Ah (ampea-saa) 20, zimeandikwa grafini. Eti grafini, aina ya kaboni nyembamba mno, ni imara mara 200 kuliko chuma, inapitisha umeme kuliko shaba, kwa hiyo zitajaa kwa dakika 15. Bei imezidi za kawaida kwa robo nzima, na hela yenyewe ni mkopo wa kikundi. Naombeni ushauri.

Fundi Volti: Mkuu, umezinyanyua? Moja ina kilo ngapi?

Mleta uzi: Kama 7 hivi.

Fundi Volti: Basi hizo ni za madini ya risasi. Kilo 35 kwa wati-saa 1,200, wakati lithiamu ya uwezo huo haifiki nusu ya uzito huo. Wanachoita grafini ni kaboni kidogo iliyotiwa kwenye bamba hasi. Inapunguza salfeti (ule ukoko unaochosha betri) kuganda, betri ikaishi zaidi, hilo sikatai. Ila kujaza kwa dakika 15 maana yake ni ampea 80. Utazichemsha! Kwa chaja ya kawaida hesabu saa 6 hadi 8.

Mwana Mahenge: Sifa walizokutajia ni za kweli, lakini ni za utando mmoja safi wa kaboni wenye unene wa atomu moja. Madini ya kinywe (grafaiti) tuliyonayo huku kwetu ni tando hizo hizo zilizolaliana kwa mamilioni. Mwaka 2004 wanasayansi Geim na Novoselov, pale Manchester, waliubandua utando huo kwa utepe wa gundi tu, na 2010 wakapewa Nobeli ya fizikia. Kuutengeneza kwa wingi ndiyo kazi. Utafiti uliotoka 2018 ulipima bidhaa za wazalishaji 60. Nyingi hazikufikisha hata asilimia 10 ya grafini, sehemu kubwa iliyobaki ndani yake ilikuwa kinywe kilichosagwa. Sasa muuza duka atajuaje kilichomo ndani ya betri?

Mama Nuru: Mwanangu, hela ya kikundi inarudishwa kila wiki. Usilipie jina, lipia dhamana, tena iandikwe kwenye risiti.

Mleta uzi: Nimewapigia. Dhamana miezi mitatu, sawa na za kawaida! Kesho naenda kuulizia lithiamu. Shukrani sana wakuu, na mama yangu.

Fundi Volti: Uliza na bei ya chaja yake. Hiyo ya risasi usije ukaichomeka kwenye lithiamu.