Mama anaona mistari imepinda baada ya kuondolewa mtoto wa jicho

Swali
Ndugu zangu, mama yangu aliondolewa mtoto wa jicho la kulia na kuwekewa lenzi bandia. Kwa zaidi ya mwezi aliona vizuri, lakini sasa analalamika kwamba maandishi yamefifia katikati na fremu ya mlango anaiona imepinda. Haumwi, wala jicho si jekundu. Ana kisukari. Je, mtoto wa jicho amerudi?

Jibu la daktari wa macho
Mtoto wa jicho harudi, kwa kuwa lenzi iliyoingia ukungu ilikwisha kutolewa. Utando unaobaki nyuma ya lenzi bandia ndio unaoweza kufifia baadaye, nao hufunguliwa kwa leza. Hata hivyo, mistari kupinda kunanifanya niishuku retina yenyewe, yaani tabaka la nyuma ya jicho linalopokea mwanga, hasa sehemu yake ya katikati iitwayo makula, ambayo baada ya upasuaji huweza kuvimba kwa majimaji yanayovuja kutoka mishipa midogo ya damu, na wenye kisukari wamo hatarini zaidi. Uvimbe huu hujitokeza zaidi wiki chache baada ya upasuaji. Huthibitishwa kwa kipimo cha OCT kinachopiga picha ya tabaka za retina, na mara nyingi hutulia kwa matone. Tafadhali asijinunulie matone ya steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe, kwani huweza kupandisha presha ya jicho.

Jibu la mgonjwa
Pole kwa mama. Mimi, ambaye tangu ujana sioni mbali bila miwani, retina yangu ilibanduka muda mrefu baada ya upasuaji kama huo. Nilianza kuona vimulimuli pembeni gizani, kisha vidoa vyeusi vingi vinavyoelea, halafu kivuli kikapanda kutoka chini kama pazia lililogeuzwa. Sikusikia maumivu hata kidogo. Nilifanyiwa upasuaji, nikawekewa gesi jichoni, na nikakatazwa kupanda ndege mpaka gesi iishe.

Mwuliza swali
Asanteni sana. Daktari, tunaweza kusubiri kliniki ya mwezi ujao?

Jibu la daktari wa macho
Hapana, aonwe wiki hii. Vikitokea vimulimuli, vidoa vingi vya ghafla au kivuli, aende siku hiyohiyo, maana retina ikirudishwa kabla makula haijabanduka, uwezo wa kuona huokolewa vizuri zaidi. Maumivu yenye wekundu nayo yasingoje kesho, kwani huenda ni maambukizi ndani ya jicho.